Kombaini ya Kukodi Usangu: Kasi Isikupumbaze

Mkulima wa Mbarali, kwenye bonde la Usangu mkoani Mbeya, anayetaka kukodi kombaini ya kuvuna mpunga azingatie kwanza kwamba malipo huhesabiwa kwa ekari, wala si kwa gunia. Dereva anayelipwa hivyo ana kila sababu ya kukimbia, ilhali punje zinazobaki chini ni hasara ya mwenye shamba peke yake.

Mashine niliyoikodi kwa mtoa huduma mmoja wilayani ni ya minyororo, na kwa udongo mzito wa Usangu sipendekezi ya matairi hata kidogo. Ilifika siku tuliyokubaliana, jambo ambalo wakati wa mavuno si dogo, kwa kuwa mpunga uliokauka kupita kiasi hupukutika na ndege waharibifu, kwelea kwelea, hawamsubiri mtu. Kazi ambayo vibarua wangekata, wakakusanya na kupura kwa siku kadhaa ilimalizika kabla ya jua kuzama, na mpunga uliotoka ulikuwa safi, wenye makapi machache.

Kasoro ilionekana mchana, dereva alipoongeza mwendo. Nilifukua nyasi zilizotemwa nyuma ya mashine nikakuta masuke ambayo nusu ya punje zake hazijapurwa. Nilipomwonyesha alipunguza mwendo bila ubishi na upotevu ukapungua sana, lakini ni wazi kwamba kama mwenye shamba angekuwa amekaa kivulini, mambo yangeendelea vilevile. Kingo mbili za majaruba, yaani vipande vya shamba vinavyozungushiwa matuta ya kuzuia maji, zilibomoka pia, na kuzijenga upya ni gharama isiyotajwa katika mapatano.

Aina ya mbegu nayo ina neno lake. Penye SARO 5, yaani TXD 306, mpunga wake mfupi ulikuwa umesimama na mashine ikapita vizuri. Penye Supa, ambayo ni ndefu na ilikuwa imelala, kazi ilikwenda kwa kusuasua na masuke mengi yakaachwa. Aliyepanda Supa, na wengi tunaipanda kwa sababu ya harufu yake na bei yake sokoni, aseme mapema ili bei ijadiliwe kwa haki. Maji nayo yafungwe mapema, jaruba likauke vya kutosha kuibeba mashine.

Mpunga wa kombaini hutoka shambani ukiwa bado na unyevu, hivyo turubai ziwe tayari: ukishushwa hadi asilimia 14 hivi hukobolewa vizuri, lakini ukirundikwa ukiwa mbichi huvunda, na ukianikwa kwenye jua kali bila kugeuzwa hutoa chenga nyingi unapokobolewa.

Kwa bei waliyonitoza, nitawaita tena. Mwenye ng'ombe, au aliyekwisha kupatana na mfugaji juu ya mabua, amwombe dereva akate chini zaidi kabla hajaingia shambani. Ombi hilo hawakulitoza, ingawa mashine ilikwenda taratibu zaidi.