Vibao vinavyoeleweka: tathmini ya karakana moja ya Kariakoo

Kwa yeyote mwenye fremu za biashara jijini Dar es Salaam anayetafuta mwandishi wa vibao, ninaipendekeza karakana ndogo iliyo karibu na Mtaa wa Lumumba, Kariakoo, ambayo imetuandikia vibao vya wapangaji wetu wa Temeke. Rangi yake ya mafuta ni nzuri na herufi zimenyooka, lakini sifa hizo hupatikana kwingine pia. Kilichonivutia ni kwamba fundi wa pale haandiki jina la kazi mpaka ajue mpita njia atalielewa vipi.

Mpangaji wetu mmoja ni wakala wa bima. Kibao chake cha zamani, kilichoandikwa kwingine, kilikuwa na neno WAKALA kwa herufi kubwa na "wa bima" kwa herufi ndogo chini yake. Neno hilo halikuwa na kosa, kwani wakala ni yeyote anayetenda kwa niaba ya mwingine. Lakini tangu M-Pesa ilipoingia nchini mwaka 2008, na mitandao mingine ikafuata, mtu wa Dar es Salaam akiliona neno hilo barabarani huja na simu mkononi akitaka kutoa pesa. Kutwa nzima mpangaji wetu alikuwa akiwaelekeza watu duka la jirani. Fundi alilitatua tatizo hilo kwa kupindua mpangilio: BIMA juu, kubwa, na wakala chini.

Kazi ngumu zaidi ilikuwa ya mzee anayetoa dawa za mitishamba, ambaye amesajiliwa na anajivunia kuitwa mganga. Fundi alimwambia kwa adabu, "Mzee wangu, wewe ni mganga, sikatai, ila ukiliweka neno hilo peke yake barabarani, wanaotaka kupigiwa ramli watafika kabla ya wagonjwa." Alisema kweli, na inasikitisha kwamba alisema kweli. Kuganga ni kutibu, na daktari wa ngazi ya juu kabisa serikalini bado anaitwa Mganga Mkuu wa Serikali. Mlangoni mwa ofisi ya Mganga Mfawidhi wa kituo cha afya hakuna anayewaza hirizi. Jengo lenyewe limekwisha kueleza maana. Kwenye nguzo ya umeme, hata hivyo, neno hilohilo likiambatana na namba ya simu huahidi kumrudisha mpenzi aliyeondoka. Hatimaye kibao kikaandikwa TIBA ASILI, jina hilohilo linalotumika katika sheria ya mwaka 2002 inayosimamia kazi hiyo, na neno mganga likawekwa mbele ya jina la mzee, mahali ambapo linasomeka kama cheo.

Kwa fundi cherehani hapakuwa na mjadala mrefu. Neno fundi peke yake humjumuisha mshona suti na mziba mabomba, kwa hiyo ikachorwa cherehani pembeni. Mkunga naye, ambaye pale soko la samaki la Feri ni samaki mrefu kama nyoka, hahitaji ufafanuzi wowote, kwa kuwa hakuna mjamzito anayemtafuta mnadani.

Ninapotofautiana na karakana hii ni pale uangalifu wake unapozidi. Ilisita kuandika "Daktari wa Simu" kwa kijana anayetengeneza simu, ikidai kwamba cheo hicho ni cha waliokisomea, ilhali mji mzima unaelewa msemo huo na hakuna mgonjwa atakayepotea njia kwa ajili yake. Maswali hayo pia huchelewesha kazi, na mwenye haraka atachoka.

Bei tuliyotozwa ni shilingi 60,000 kwa kibao kimoja cha bati, pamoja na rangi, bila usafiri. Mwende pamoja na mpangaji mwenyewe, kwa sababu maswali mengi ataulizwa yeye.