Maegesho ya wazazi na watoto: niliulizwa mtoto yuko wapi

Duka lenyewe sina ugomvi nalo. Matunda yao huwa mabichi, wahudumu wa kaunta wana adabu, choo ni kisafi, na mjamzito yeyote anajua choo kisafi kina thamani gani. Kwa hayo peke yake ningewapa nyota nne bila kufikiria mara mbili. Ninachoandika hapa kinahusu zile nafasi chache za kuegesha magari ya wazazi wenye watoto, zilizochorwa karibu na mlango wa kuingilia na zenye picha ya mtu mzima na mtoto, pamoja na mwanamume mmoja wa maegesho aliyevaa kizibao cha njano. Kina dada mnaoendesha magari huku Uingereza, hasa mlio na mimba kubwa, someni mpaka mwisho.

Ilikuwa majuzi, mchana, katikati ya wiki. Nafasi za wazazi zilikuwa karibu zote tupu. Naomba hilo lishikwe vizuri, kwa sababu kila ninayemsimulia huniuliza kwanza kama nilimnyima mama mwenye kichanga nafasi yake. Sikumnyima mtu. Hapakuwa na mtu.

Nina tatizo la nyonga. Wengine mtakuwa mmelipitia: mimba ikikua, viungo vya nyonga vinalegea na kukaza visivyo sawa, na kila ukipanua miguu unasikia maumivu makali mbele, pale mifupa inapokutana. Si ugonjwa wa nadra. Huku wanasema humpata takriban mjamzito mmoja kati ya watano. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alinifundisha jinsi ya kushuka kwenye gari: unasogeza kiti nyuma, unabana magoti kama yameshonwa pamoja, unageuka mwili mzima, unatoa miguu yote miwili kwa mara moja, ndipo unasimama. Usitangulize mguu mmoja hata siku moja. Sasa jaribu kufanya hivyo mlango ukiwa umefunguka robo tu kwa sababu jirani amepaki kiubavuubavu. Haiwezekani. Mlango lazima ufunguke wote.

Basi nikaegesha kwenye nafasi ya wazazi, kwa sababu ni pana. Nilikuwa nimeshageuka, miguu iko nje, mkono mmoja umeshika kingo ya mlango, navuta pumzi ili nisimame, yule bwana akafika.

"Hapa ni kwa wenye watoto. Mtoto yuko wapi?"

Nikaweka mkono tumboni, nikamwambia, "Huyu hapa."

Akaliangalia tumbo. Akatabasamu, lile tabasamu la mtu aliyekwisha kuamua. Akasema, "Huyo bado hajafika."

Nimelirudia neno hilo kichwani mpaka limenikera kuliko maumivu yenyewe. Bado hajafika! Mimi ndiye niliyembeba, mimi ndiye silali kwa sababu yake, na mtu nisiyemjua ananiambia hajafika. Nikajikaza, nikamweleza kwa upole kuhusu nyonga. Akanyoosha kidole upande wa pili: "Kule kuna za walemavu, kama una beji." Nikamwambia sina. "Basi hamisha gari." Na alipoona nachelewa kurudisha miguu ndani, akarudia kwa sauti ya juu zaidi, kiasi kwamba mzee mmoja aliyekuwa anasukuma toroli alisimama kutazama.

Nikahamisha gari. Nafasi ya kawaida niliyoipata ilikuwa kati ya gari la mizigo na nguzo. Mlango ulifunguka kidogo tu. Nilitanguliza mguu mmoja, nikajipenyeza, tumbo likasugua ukingo wa mlango, na pale mbele nikasikia kitu kama kimechanika. Hakikuchanika, mkunga alinihakikishia baadaye. Lakini nilisimama nimeshika paa la gari, meno nimeyauma, sijui kwa muda gani, na vitu nilivyokuwa nimefuata dukani sikuvinunua tena.

Sasa tuzungumze juu ya nafasi hizo zenyewe, maana nimezifikiria sana tangu siku ile. Kwa nini ni pana? Ni kwa sababu ya mlango. Kiti cha mtoto mchanga hakitoki kwenye gari bila mlango wa nyuma kufunguka wote, na mzazi anahitaji pa kusimama akiinama kumfunga mkanda. Ukaribu na duka ni jambo la pili, kwa ajili ya watoto wanaochomoka mkononi na kukimbilia magari. Upana ndio moyo wa jambo lenyewe. Na kama upana ndio hoja, nani anauhitaji kuliko mwanamke wa miezi minane? Baadhi ya maduka huku yanamruhusu mzazi mwenye mtoto wa hadi miaka 12. Mtoto wa miaka 11 anafungua mlango mwenyewe, anashuka mwenyewe, anatangulia dukani akiwa na simu mkononi. Baba yake hatafuatwa na mtu yeyote. Mimi nilifuatwa.

Nikaenda kusoma sheria, na niwaeleze nilichokikuta ili msipoteze muda kama mimi. Nafasi hizi hazina nguvu ya sheria za barabarani. Ziko kwenye ardhi ya mtu binafsi, na mwenye duka ndiye anayepanga nani aegeshe. Ukivunja masharti yaliyo kwenye kibao, hawakupigi faini kama ya polisi. Wanakuandikia tozo ya kimkataba, kwa kawaida isiyozidi pauni 100, na hupunguzwa ukilipa ndani ya siku 14. Msiichukulie kama karatasi ya kutupa, kwa sababu England na Wales, tangu sheria ya 2012, wanaweza kumdai mwenye gari hata kama hawajui nani alikuwa anaendesha.

Kuhusu ile beji ya bluu, kibali cha kuegesha kwenye nafasi za walemavu, ujauzito peke yake haukupi. Imewekwa kwa hali za kudumu, siyo za miezi. Hapo sibishani. Nafasi za walemavu ziachwe kwa wenyewe, na yule bwana hakupaswa hata kunielekeza kule kana kwamba nilikuwa natafuta njia ya mkato.

Kisha kuna Sheria ya Usawa ya 2010, ambayo inataja ujauzito kwa jina. Mtoa huduma haruhusiwi kukutendea vibaya kwa sababu una mimba. Nilipofika hapo nilifurahi, nikadhani nimempata. Lakini wajibu wa kurekebisha mazingira ili mtu aweze kuitumia huduma umewekwa kwa ajili ya walemavu, na mjamzito hakuwekwa humo. Kwa hiyo sheria inakataza nisidharauliwe, ila haimlazimishi mtu kunitengea mahali pa kufungulia mlango. Italia walilitazama jambo hili kwa macho mengine. Tangu 2021 sheria yao ya barabarani inaziruhusu halmashauri kutenga nafasi za wajawazito na wazazi wenye watoto wasiozidi miaka miwili, wote pamoja kwenye mistari ya rangi ya waridi, kwa kibali maalumu. Hawakumuuliza mama kama mtoto ameshafika. Walimhesabu tangu akiwa tumboni.

Nilimpigia wifi yangu nikitarajia atanililia. Ana mapacha, bado hawajatimiza miaka miwili. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Pole sana wifi. Yule hakuwa na haki ya kusema nawe vile. Lakini na mimi nikuambie ukweli, nikifika na wawili, mmoja analia na mwingine anataka kukimbia, halafu nikute mtu aliyekuja na mikono mitupu amekaa pale, nalia na mimi. Wewe unaweza kwenda kule mwisho ambako hakuna magari, ukafungua mlango upendavyo. Mimi hawa siwezi kutembea nao kule mwisho, magari yanarudi nyuma bila kuangalia."

Nilinyamaza, kwa sababu alisema kweli. Kichanga huwezi kumwacha garini ukakimbia kuleta toroli, na mtoto anayeanza kutembea haonekani kwenye kioo cha dereva. Kwa hilo nampa wifi haki yake yote: ikiwa imebaki nafasi moja na mwenye watoto wadogo anaingia nyuma yangu, apite yeye. Usiku ule nilikuwa nimekwishaamua kuandika kwamba nafasi hizi ni za watoto waliozaliwa, na wajawazito tuvumilie. Nilikuwa nitoe nyota tatu na kuandika maneno mawili tu juu ya adabu ya mhudumu.

Kesho yake nikajaribu ushauri wake wa kwenda mwisho, duka jingine. Mlango ulifunguka vizuri, kweli. Lakini kutoka kule mwisho mpaka kwenye mlango wa duka, kila hatua nyonga inasaga, na kurudi na toroli lililojaa ni adhabu, kwa sababu toroli linavuta upande na unalirudisha kwa kiuno. Nilipofika kwenye gari sikuweza kuinua mifuko. Mwenye tatizo hili huambiwa asisukume vitu vizito na asitembee kuliko anavyohimili. Kwa hiyo kule mwisho ni dawa ya mjamzito mzima wa afya, na huyo huenda asingeihitaji nafasi pana tangu mwanzo.

Nikafikiria labda kanuni iwe miezi ya mwisho tu. Wa miezi mitatu bado anapita popote, mlango hauna shida naye. Halafu nikamkumbuka rafiki yangu aliyetapika tangu mwanzo wa mimba mpaka akalazwa akawekewa maji ya mishipa, na tumbo lake halikuwa limeonekana hata kidogo. Huyo naye asimame mbele ya kizibao cha njano aeleze matapishi yake? Nani atapima? Tukisema miezi saba na kuendelea, maana yake tumempa mwanamume wa maegesho kazi ya kutazama matumbo ya wanawake na kukadiria. Kwangu hilo ni baya kuliko tozo. Kama ni mjamzito, ni mjamzito, aegeshe, na aachiwe yeye mwenyewe kujua siku gani anaweza kutembea na siku gani hawezi. Wengi wetu siku tukiwa na nguvu hatuzigusi nafasi hizo. Mimi mwenyewe miezi yote ya mwanzo nilikuwa napaki na watu wote.

Na wanaosema watu watadanganya, England mjamzito tayari ana karatasi. Mkunga au daktari akishathibitisha mimba, unapewa cheti cha kupata dawa bila malipo, kinachodumu mpaka mwaka mmoja baada ya tarehe inayotarajiwa ya kujifungua. Kina tarehe, kina jina. Ninacho kwenye simu. Siku ile ningemwonyesha yule bwana kama angeniuliza swali la maana badala ya kuniuliza mtoto yuko wapi. Abiria wa treni za London hupewa bure beji ndogo ya kubandika kifuani ili watu wajue wana mimba na wawapishe viti, na haijavunja treni. Duka kubwa lenye kamera kila kona linashindwa nini kukubali cheti kimoja?

Niliwaandikia. Walijibu haraka, hilo niseme. Wakaomba radhi kwa "usumbufu", wakasema wateja wajawazito wanakaribishwa kutumia nafasi za wazazi, na kwamba uamuzi hubaki kwa mhudumu aliye zamu.

Niliposoma sentensi hiyo ya mwisho ndipo hasira yote ilirudi, na zaidi. Kumbe ruhusa ipo! Kumbe nilikuwa na haki ya kukaa pale tangu mwanzo, kwa maneno yao wenyewe, na wakaiweka haki hiyo mfukoni mwa mtu anayeona tumbo la miezi minane na kusema mtoto hajafika. Ruhusa ambayo mtu wa kizibao anaweza kuifuta kwa tabasamu si ruhusa. Angekuwa amekataa kwa sababu kanuni inakataza, ningemlaumu mwenye kanuni. Sasa nawalaumu wote wawili.

Kwa hiyo zile nyota tatu nimezifuta. Nilibakiza mbili kwa heshima ya wale wa kaunta, lakini wale wa kaunta hawaegeshi magari, na tathmini hii ni ya maegesho. Nyota moja. Wifi ananiambia nina hasira za mimba. Sina hasira za mimba, nina hasira za kufukuzwa nikiwa nimekaa nusu ndani nusu nje ya gari, mahali ambapo kuna nafasi tupu kila upande.

Kwa mliopo kwenye hali kama yangu: wekeni kile cheti mahali pa kufikika haraka, muulize dukani kabla hamjaenda, na mkijibiwa kwa maandishi mhifadhi jibu hilo. Mimi langu nimeliprinti na liko kwenye dashibodi.

Na kwa wenye duka, kwa kuwa najua mnasoma: kama mnaturuhusu, andikeni kwenye kibao. Chini ya ile picha ya mtu mzima na mtoto kuna nafasi ya kutosha kwa neno "wajawazito", nimeipima kwa macho, na rangi ya kuandikia haizidi gharama ya kikopo kimoja.