Nimelipia simulizi ya Usama bin Zaid, wakanikatia kwenye taya la simba

Nyota moja. Sufuri ingekuwepo ningetoa sufuri.

Nilijiunga na hii huduma ya simulizi za masahaba mwezi uliopita, au ule wa kabla yake. Nachokumbuka ni kwamba arobaini ya mzee ilikuwa imepita na nyumba yake ya Ngamiani, Tanga, imeshaanza kututoa roho. Kaka anataka iuzwe. Dada anasema labda yeye afe kwanza. Mimi kitinda mimba nipo katikati, na kila usiku simu mbili: "Kwani wewe uko upande wa nani?" Shangazi ndiye aliyeniambia, mwanangu, hebu kasikilize habari za Usama.

Msimulizi, haki ya Mungu, anaijua kazi. Kijana wa miaka kama 18 anapewa jeshi la kwenda Sham, watu wazima wananung'unika, Mtume (s.a.w.) anawaambia hata uamiri wa baba yake mliusema. Abubakar anamsindikiza kwa miguu, kijana yuko juu ya kipando. Halafu habari ya yule mtu aliyetamka shahada upanga ukiwa juu yake, Usama akamuua akidhani ni woga tu. Mtume akamuuliza, umemuua baada ya kuitamka? Akarudia, akarudia, mpaka kijana akatamani angekuwa hajasilimu kabla ya siku ile. Nilikuwa naosha vyombo. Ndoo ikajaa ikamwagika sina habari.

Basi mwaka 656 khalifa, Sayyidna Uthman, anauawa, Waislamu wanagawanyika, na Usama, mtu mzima sasa, anakataa kuinua upanga kwa yeyote. Anamtuma mtu wake, Harmala, kwa Sayyidna Ali, khalifa mpya: atakuuliza nimezuiwa na nini; mwambie, lau ungekuwa ndani ya taya la simba ningependa niwe nawe humo, ila jambo hili silioni. Harmala anafika. Anautoa ujumbe. Nimeshika pumzi nisikie atajibiwa nini...

"Beti sasa ushinde mamilioni!"

Jamani! Kubeti, katikati ya masahaba! Na nililipa 7,000 matangazo yaondolewe. Baada ya tangazo, kimya. Nikafungua upya mara nne, inakata palepale.

Nikawaandikia. Kijana wa huduma kwa wateja akanijibu: "Kwani hadithi yenyewe huijui? Nenda madrasa." Hivyo hivyo, bila salamu.

Nikaenda kweli. Ustadh alicheka, akanimalizia: Harmala hakupewa kitu pale. Akaenda kwa Hasan, Husein na Abdallah bin Jaafar, nao wakampakilia ngamia wake mzigo. Mzee hakutoa, wanawe na mtoto wa nduguye wakapakia! Sehemu niliyokuwa naihitaji mimi ndiyo hiyo, wao wameiwekea tangazo.

Ngoja, nisiwaonee. Ile sauti nimeirudia usiku mara tatu, na kipande cha simba nimewarushia kaka na dada. Kaka akajibu: "Kwa hiyo simba ni mimi?" Dada akajibu hivyohivyo, neno kwa neno. Wiki nzima hawajapiga. Kwa hilo peke yake nilitaka kuwapa nne.

Leo asubuhi wamenikata 7,000 nyingine.

Mbili basi. Wakirudisha dakika ya ngamia nitaongeza, ila yule kijana wa meseji aniombe radhi kwanza.