Njia za Miguu katika Msitu wa Kakamega
Anayependa kutembea kwa miguu magharibi mwa Kenya atakutana, katika Msitu wa Kakamega, na mabaki ya msitu wa mvua uliowahi kuungana na ile ya Kongo. Upande wa kaskazini, Buyangu, uliotangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1985, una njia tulivu zinazoelekea maporomoko ya mto Isiukhu. Hata hivyo, mimi napendelea Isecheno, upande wa kusini, ambako mbega huruka matawini juu ya wapitaji na ambako waongozaji wenyeji humtambua ndege kwa mlio kabla hajaonekana, ustadi unaostahili kila shilingi wanayolipwa. Kutoka huko, kupanda kilima cha Lirhanda si kazi ngumu, na ubavuni mwake lipo shimo la zamani la wachimba dhahabu, ambalo sasa ni makao ya popo (wenye kuogopa giza wabaki nje). Mvua hunyesha zaidi alasiri, na udongo ukilowa huteleza vibaya, kwa hiyo viatu vyenye soli laini havifai kabisa. Anayetaka kuliona jua likichomoza kutoka kileleni na apatane na mwongozaji siku moja kabla.