CD imechubuka? Chagua mashine inayoweza kuisoma

Mama yangu ana CD ya taarabu iliyorekodiwa harusini kwa dada yangu, hapa Ngamiani, Tanga. Wimbo wa nne unaanza vizuri, fidla inaingia, mwimbaji anavuta pumzi, halafu tk-tk-tk, sauti inaganda. Kwenye sabufa yake iligandia hapo hapo kila siku. Nikaibeba kwa jirani mwenye deki kuukuu ya DVD, ukapita mwanzo hadi mwisho. CD ile ile, mchubuko ule ule. Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza anunue mashine gani, la kwanza ninalomwambia ni aende dukani na CD yake mbovu kuliko zote.

Sababu ni hii. Jicho la mashine linapiga leza kupitia plastiki ya milimita 1.2 na kufuata njia moja nyembamba inayozunguka kutoka katikati kwenda nje. Mzunguko mmoja na wa pili yake umeachana kwa maikromita 1.6 tu (maikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Muziki wenyewe umekatwa vipande vilivyochanganywa na kuongezewa alama za kukagua, hivyo kipande kikipotea, mashine inakikokotoa kutoka vipande vingine. Pengo la kama milimita 2.5 kwenye njia hiyo hurekebishwa lote, usisikie kitu. Likizidi, mashine inakisia. Likizidi tena, inanyamaza au inaruka. Utaratibu huo ni mmoja kwa mashine zote tangu CD zilipotoka mwaka 1982. Kinachotofautiana ni jicho: mwanga ukipotea juu ya mchubuko, je, linabaki kwenye njia yake au linateleza? Hilo halikuandikwa kwenye boksi.

Kwa niliyoyajaribu mimi, nafasi ya kwanza naipa deki ya DVD, hata iliyotumika, mradi jicho lake bado zima. Jicho la DVD limetengenezwa kufuata njia nyembamba zaidi ya ile ya CD, na nyingi nilizozijaribu zimeshika vizuri. Nyingi zinasoma pia CD za kuchoma kwenye kompyuta, na hizo ndizo tulizonazo wengi: rangi yake inarudisha mwanga mdogo kuliko CD ya kiwandani, kwa hiyo mashine za zamani sana huzikataa hata kama hazina mkwaruzo.

Ya pili ni deki kubwa ya CD peke yake, zile nzito za mtumba. Sauti yake naipenda kuliko zote. Tatizo ni umri: lenzi imechoka, na huku kwetu upepo wa bahari hauna huruma na vyuma. Fungua mlango wake, tazama kama reli ya jicho ina kutu. Ikiwa nayo, iache.

Ya tatu, mashine ndogo za CD za mkononi zenye kinga ya mtikisiko. Hizi husoma mbele na kuweka akiba ya sekunde kadhaa, kwa hiyo zina nafasi ya kurudia mahali palipokataa kabla hujasikia. Ila kinga ile ilikusudiwa mtikisiko. Mchubuko mrefu utamaliza akiba yote.

Sabufa na redio zenye CD naziweka mwisho. Ni nafuu, spika zinatikisa nyumba, lakini jicho ndipo mtengenezaji alipobana matumizi. Kama CD zako zote ni safi, nunua bila wasiwasi.

Sasa jaribio la dukani. Chukua CD usiyoijali, na kwa maka peni chora upande unaong'aa mstari kutoka katikati kwenda ukingoni, unene wa milimita moja. Mwingine wa milimita mbili uchore uso huo huo, ng'ambo ya tundu la katikati. Mashine nzima inapita mistari yote miwili bila kukatika, maana mapengo hayo yako ndani ya kipimo cha kurekebishwa. Inayoshindwa kwenye milimita moja, mrudishie muuzaji kwa heshima. Wino unafutika kwa spiriti. Kisha weka CD yako yenye mchubuko wa kweli, hasa ule unaofuata mzunguko. Huo ndio mbaya kuliko wote, kwa sababu jicho linatembea ndani yake badala ya kuuvuka. Ndiyo maana pia CD inafutwa kutoka katikati kwenda nje, kamwe si kwa kuzungusha. Sikiliza nyimbo za mwisho pia. Muuzaji hupenda kukuchezea wa kwanza tu.

Kabla ya kulaumu mashine, inua CD uelekee juani, upande wenye maandishi ukutazame. Muziki uko chini tu ya maandishi hayo, umefunikwa na rangi nyembamba. Ukiona vitundu vya mwanga, pale pamebanduka na hakuna deki itakayopasoma. Mchubuko wa upande unaong'aa ndio una matumaini, hata fundi anaweza kuusugua ukapungua.

Ile ya Mama tuliiingiza kwenye kompyuta, ikarudia kusoma sehemu ile ya wimbo wa nne mpaka ikaipata, tukahamishia kwenye flashi. CD yenyewe ameirudisha kwenye kasha lake, kabatini, mbali na dirisha.