Boneti ya "Hariri" ya Shilingi 650: Nguo Sawa, Lastiki Balaa

Assalamu alaykum mashoga zangu, karibuni. Leo nina hasira, kwa hivyo kaeni vizuri.

Wageni kwanza, maana kila wiki wanaingia wapya na swali ni lile lile: mbona huonyeshi nywele zako? Mimi mtu wa Lamu. Nywele zangu ni za nyumbani na za shughuli za wanawake, hazipandi mtandaoni. Ndiyo maana yupo Bi Plastiki hapa, kichwa cha saluni, amevaa wigi ya nywele za mtu iliyopigwa pasi mpaka inateleza. Paji langu la uso mtaliona, hilo halina neno, na leo paji ndilo lenye kesi.

Mshtakiwa huyu hapa. Boneti, kofia ya kulalia, ya kulinda nywele. Duka la mtandaoni, silitaji jina, wameiandika "hariri halisi", shilingi 650. Kutuma mpaka Mokowe, gatini upande wa bara, 300, na basi likishafika umpigie mtu wa boti, naye ana chake cha kuvukisha. Nyinyi wa Mombasa mnaoandikiwa "tunaleta bure" hamjui raha mliyo nayo. Nikachukua mbili, nyeusi na ya zambarau, kwa sababu za kutuma ni zile zile. Ukubwa, rangi, ifuliwe kwa mkono, hayo yako kwenye pakiti, mtasoma wenyewe.

Sasa naivaa. Juu ya kitambaa changu cha ndani, lakini lastiki ikae kwenye ngozi, hapa juu ya nyusi. Mnaiona? Haya. Siivui. Tuzungumze mengine, tutairudia.

Mtu akikwambia kulala kichwa wazi hakuna shida, huyo hajawahi kulipa saluni Alhamisi kwa ajili ya kupamba ya Jumamosi. Umekaa chini ya draya, umevutwa, umepigwa pasi, masikio yamewiva. Na nywele iliyonyooshwa kwa moto haijabadilika asili yake. Ndani yake mna viungo vidogo vya haidrojeni. Maji huviachanisha, moto ukikausha vinashikana upya kwa umbo ulilotaka. Maji yakirudi vinaachana tena, na nywele inarudi kwao. Si lazima uoge. Hapa kwetu hewa yenyewe ni maji. Kaskazi ikikaza, feni inazungusha joto tu, stima ikikatika ndiyo basi, shingo inatiririka. Halafu foronya ya pamba: inanyonya mafuta uliyopaka na inasugua usiku kucha. Asubuhi mbele bado umependeza, nyuma pamesimama.

Kwa hivyo kufunga nywele ni lazima, hilo silibishi. Na nguo ya boneti hii, niipe haki yake, ni nzuri. Imefumwa kisatini, yaani uzi mmoja unaruka juu ya nyuzi nne au zaidi ndipo uzame chini ya mmoja, ndiyo maana upande wa kung'aa hauna pa kukamatia nywele. Sikilizeni. Napitisha kwa Bi Plastiki... kimya. Sasa napitisha leso yangu ya pamba, mpya, haijafuliwa hata maji moja. Mmesikia ule mkwaruzo? Mdogo wangu sogeza maikrofoni. Tena. Eeeh.

Ila "hariri halisi" ndipo tunapogombana. Leteni kiberiti na sahani, na watoto wasijaribu haya. Huu ni uzi nimeuchomoa kwenye pindo la boneti. Naushika kwa koleo... umejikunja, umeyeyuka, umeacha katone kagumu keusi, na harufu ni ya mfuko wa plastiki. Huu wa pili ni wa mtandio wa hariri wa bibi yangu, ruhusa nimeomba, msiniandikie. Nauchoma... hapa chumbani inanuka nywele iliyoungua. Hariri ni protini, na nywele ni protini. Jivu lake hili, linasagika kwa vidole. Kale katone ka boneti, gonga na ukucha: tk, tk. Poliesta hiyo, mama. Poliesta si dhambi, inateleza vizuri tu na inafulika. Lakini uza poliesta kwa bei ya poliesta na kwa jina la poliesta.

Subirini. Punda.

...

Bado.

Haya, amemaliza. Mnaandika nihamie chumba cha nyuma. Chumba cha nyuma hakina mwanga, nyumba ya mawe hii, kuta nene hivi, na madirisha yote yako upande wa punda. Halafu tangazo: video zitakuwa zinatoka Jumatano, si Ijumaa tena. Ijumaa nyumba inajaa wageni, siwezi kumwambia shangazi anyamaze kwenye nyumba ya kakake. Waliosajili bonyezeni kengele, ambao hamjasajili mnangoja nini.

Tuivue sasa. Njoo karibu, karibu zaidi. Mnauona huu mstari? Kutoka sikio hadi sikio, umezama, na una vinukta vinukta. Hapo nimekaa nazungumza tu. Nikilala nayo usiku mzima, mstari huo nakunywa nao chai, naenda nao sokoni. Na mimi kichwa changu si kikubwa, msianze.

Vile vinukta ndivyo vilivyonifanya nichukue mkasi. Hii nyeusi naikata pindo hapa mbele yenu. Tazameni. Lastiki yenyewe nyembamba, upana wa utambi wa taa, imevutwa mpaka mwisho ndipo ikashonewa, haina pa kulegea tena. Na ndani, upande unaokaa kwenye ngozi, wamepiga ovaloki kwa uzi mkavu, mkwaruzo mtupu. Pitisha kidole, ni msasa. Satini yote ile laini iko juu, kwenye nywele ndefu ambazo zina nguvu zake. Pale paji linapokutana na nywele, kwenye vile vinywele vyembamba ambavyo ndivyo vinavyokatika kwanza, wameweka uzi wa gunia! Kila ukigeuka kwenye mto, inasugua pale pale. Na nywele za ukingoni zikivutwa na kubanwa mwaka hadi mwaka zinapungua, na mizizi ikishachoka hazirudi. Mmewaona wamama ambao paji limepanda mpaka katikati ya kichwa. Wengine ni kusukwa kwa kukazwa tangu utotoni, na hizi lastiki nazo zina fungu lao.

Kinachoniudhi ni kwamba ingewagharimu utepe tu. Utepe wa satini wa kuvalisha ule mshono, basi.

Nifanyeje mimi? Nionyeshe ninavyofanya, maana mmeniomba sana. Bi Plastiki, tugeuke. Nywele ziwe kavu kabisa, ukifunga mbichi chini ya poliesta zitakauka na mikunjo yake na harufu juu. Mafuta kidogo tu kwenye ncha. Si ya nazi ya kumiminika, usiku huu si wa kuchua. Gawanya kando, hapa. Chanuo la meno mapana kwanza, kisha brashi laini. Unachana kuzunguka kichwa. Usivute kurudi nyuma: zungusha. Mkono huu unachana, kiganja hiki kinafuata nyuma yake kinalaza. Kichwa chenyewe ndiyo rola, tena rola kubwa kuliko zote za saluni, ndiyo maana asubuhi zinashuka zimenyooka na zina mviringo kidogo mwishoni. Ncha zikifika sikioni usizikunje ndani, zipitishe juu ya zilizotangulia, endelea na mzunguko. Hapa shingoni ndipo wengi wanapokata tamaa, nywele fupi zinachomoka. Lowesha... la, usiloweshe! Brashi, kiganja, brashi, kiganja. Kibanio bapa hapa, na hapa, vile vyembamba visivyo na meno, ulalie bila kudungwa.

Halafu kitambaa. Satini ya mraba, ikunje pembetatu, upande wa kung'aa ndani. Ukingo uanzie juu ya nywele, usishuke kwenye ngozi ya paji. Vuka nyuma, rudi mbele, funga fundo pembeni juu ya sikio. Ukifunga kisogoni utalalia fundo usiku kucha. Vidole viwili vipite chini yake, visipopita umekaza. Asubuhi unafungua, unachana kuzunguka upande wa pili, unazitikisa. Hizo hapo. Tazama zinavyoanguka!

Na kitambaa hicho? Satini ya mita, mtaa wa Langoni hapa Lamu, nimelipa 250, fundi akanipindia ukingo kwa 50. Mita moja imetoa vitambaa viwili na kipande cha kufungia mkia. Nimesema 300 kwa yote, nyumbani, bila boti.

Sasa msiseme namchukia kila mwenye boneti. Ukiwa umesuka rasta, mambo hayo ya kuzungusha hayakuhusu, unataka mfuko mpana wa kutumbukiza kila kitu, na kwa hilo hii ni kubwa, nimejaribu kwa wigi ya rasta ya Bi Plastiki zimeingia zote na nafasi imebaki. Tena ina safu mbili, haipenyi. Kweli, kwa mwenye rasta ningesema nunua. Nunua, toa lastiki, mpelekee fundi atie kamba ya kuvuta na utepe ndani. Lakini hapo 650, na 300, na mtu wa boti, na fundi... unavuka shilingi elfu moja kwa kofia ya kulalia. Kwa elfu moja wewe si ununue foronya ya satini, ulale hata kwa kujigeuza.

Wanaume mnaotazama, najua mpo, ile duragi yenu, kitambaa cha kubana nywele, ina mikia miwili ya kufunga na haina lastiki. Shemeji yangu anayo, nimeikagua. Mshono umewekwa nje! Upande wa kichwani ni laini mtupu. Yaani wao wamefikiriwa.

Foronya nitaichambua Jumatano ijayo, betri ikiruhusu. Hii nyeusi nimeshaichana, itakuwa ya kufutia vioo. Ya zambarau bado nzima. Kuirudisha mpaka dukani ni kulipa nauli upya, kwa hivyo aliye na rasta, yuko Mkomani au Langoni, aandike hapo chini, mdogo wangu atamletea. Shela pia, ila mje kuchukua, sivuki jua hili. Lastiki nimeshaitoa.