Frizi draya ya nyumbani: uzoefu wangu na mtori, matembele na kelele za pampu

Niseme mapema kwa wasio na muda wa kusoma yote: hii mashine ni ghali, ina kelele, inakula nafasi, na mimi siiuzi wala simpi mtu. Naongelea frizi draya, mashine ya kukausha chakula kwa kukigandisha kwanza, ile ya majumbani sio ya kiwandani. Tuko Houston, Texas, tumeinunua kwa kuchangishana familia tatu za Kitanzania, kila nyumba ikatoa karibu dola 1,000, na imekaa kwangu kwa sababu mimi ndo mwenye chumba cha kufulia kikubwa na mume asiyeamka ovyo usiku.

Sababu ya kununua ni umeme. Watu wa huku wanajua. Februari 2021 baridi ilivyopiga Texas nyumba na biashara zaidi ya milioni 4 zilikaa gizani, afu Julai 2024 kikaja kimbunga Beryl, hapo eneo la Houston peke yake wateja zaidi ya milioni 2 wakakatikiwa, wengine siku mbili tatu, wengine wiki na zaidi na joto la Julai lilivyo. Sasa fikiria una difriza umejaza kisamvu kilichotwangwa, sato, nyama ya mbuzi mliyogawana mafungu na wenzio, unakuja kufungua mfuniko harufu inakupokea mlangoni. Mtaa mzima ulikuwa unatoa mifuko ya taka inayochuruzika. Jenereta lipo sawa, lakini petroli nayo foleni, na jenereta dogo likibeba difriza halibebi kiyoyozi, na una watoto ndani. Hapo ndo tukasema basi, tutafute chakula kinachokaa kabatini bila kudai umeme kila siku.

Inavofanya kazi sio uchawi. Unapanga chakula kwenye trei, mashine inakigandisha mpaka nyuzi 30 na kitu chini ya sifuri, afu pampu inafyonza hewa iliyomo kwenye chemba. Presha ikishashuka chini ya milibari 6 barafu haiwezi tena kuwa maji, ukiipa joto kidogo tu kutoka kwenye trei inageuka mvuke moja kwa moja, na ule mvuke unaenda kuganda kwenye kuta za chemba. Ukifungua mwisho wa mzigo unakuta chakula kikavu katikati na pembeni barafu nene kama ya difriza la duka la soda, hayo ndo maji yote yaliyokuwa kwenye chakula chako. Kwa kuwa hakijaiva kwa joto wala kunyauka, umbo linabaki na rangi inabaki, embe ni la njano vile vile. Watu wa milima ya Andes wanafanya hivi na viazi tangu kabla Wazungu hawajafika kule, usiku wanaviacha nje vigande, mchana wanavikanyaga maji yatoke na kuvianika, wanaita chuño. Wasukuma wetu na michembe yao, viazi vitamu vya kukausha, walitumia jua tu, barafu wangeitoa wapi.

Kampuni siitaji. Mashine ilikuja nzima ila pampu ilikuwa inavujisha oili pale kwenye kioo cha kuangalizia kiwango, kila ukiifuta asubuhi unakuta kidimbwi. Kasta kea walikuwa na adabu sana na taratibu sana, leo wanataka video, kesho video nyingine kwa upande wa kushoto, keshokutwa namba ya utambulisho wa pampu ambayo nimeshawatumia, mpaka wakakubali kutuma nyingine. Kwa hiyo ukipokea yako usiweke chakula kwanza, iwashe tupu uone kama presha inashuka na kukaa pale chini, mana tatizo likiwa sio pampu basi ni ile raba ya mlangoni, kauzi kamoja tu ka nywele kakikaa pale hewa inaingia. Afu mzigo wa kwanza weka mkate uliolowekwa maji, uutupe, unaondoa ile harufu ya upya.

Kuhusu mahali pa kuiweka, wenzetu wa majimbo ya baridi wanaiweka gereji na wanafurahi. Houston hapana. Gereji yetu mwezi wa nane ni tanuri na mashine inajitesa kugandisha, kwa hiyo iko ndani, na ikiwa ndani unaisikia. Kugandisha hakuna shida, ni friji tu linanguruma. Pampu ikianza ndo unajua, na inaanza saa yoyote inayotaka yenyewe, na inaunguruma hivo hivo mpaka mzigo uishe, na mzigo mmoja ni saa 24 mpaka 40 kutegemea umeweka nini. Ina kilo zaidi ya 50 bila pampu, meza ya plastiki isijaribiwe. Na fundi umeme alitushauri laini yake peke yake ya ampea 20, tukafuata.

Tuje kwenye chakula sasa, mana ndo kilichonifanya niandike.

Matembele ndo mfalme. Houston na joto lake matembele yanaota mpaka unakera majirani, kuanzia mwezi wa tano mpaka wa kumi na moja unachuma tu. Nayachemsha dakika mbili, nachuja, nakamua, nasambaza kwenye trei juu ya karatasi ya silikoni, bila mafuta bila nazi bila chumvi. Yakitoka yana kijani kile kile na mepesi, ukishika kwa vidole viwili yanakuwa unga. Trei nne zilizojaa zinaingia kwenye mfuko mmoja. Lakini hapa kuna mtego wa hewa ya pwani: hii hewa yetu ina unyevu, ukiyaacha mezani uende kuongea na simu ukirudi yameshalegea, yamekunywa maji ya hewani. Mifuko iwe imefunguliwa tayari, kichomea mifuko kimeshapata moto, ndo ufungue mlango wa mashine. Kupika ni kitunguu, nyanya, mafuta, unamwaga majani na maji kidogo, yakishanywa unatia tui la kopo. Mama mmoja hapa alikula akaniuliza mboga za bustani mwezi wa pili nimezitoa wapi.

Wa pili ni mtori, na mimi Mchaga sina upendeleo, naongea ukweli. Ndizi mbichi za kijani zipo kwenye maduka ya Walatino bei poa, nyama ya ng'ombe isiyo na mafuta inachemshwa mpaka ichambuke, unaponda kama kawaida ila samli hutii. Unamwaga kwenye trei uzito wa kutosha, ukitoka unavunjika vipande vipande, unausaga kidogo na mwiko. Maji ya moto, koroga, acha dakika kumi, weka samli hapo mwishoni. Umerudi. Kuna dada alijifungua kwa upasuaji na mama yake alinyimwa viza, hana mtu wa kumpikia, tukampelekea mifuko ya mtori ya kutosha na chupa ya chai, mume wake ambaye hajui hata kukaanga yai alikuwa anamuandalia chakula cha uzazi mwenyewe usiku wa manane. Kwa hilo tu mimi hela yangu naona imerudi.

Sasa mafuta. Hii ndo habari wauzaji wanaiandika kwa maandishi madogo. Mashine inatoa maji, haitoi mafuta, na chakula chetu sisi watu wa nazi na samli na kukaanga kina mafuta. Tulijaribu makusudi samaki wa nazi, tukijua, tuone inakuwaje. Vilitoka vipande vinanata, juu vikavu ndani vina ute, na baada ya miezi kadhaa kabatini ulikuwa unafungua mfuko unapata harufu ya mafuta ya taa... sio mafuta ya taa ila unanielewa, ile harufu ya karanga zilizochacha. Hivo basi: wali mweupe ndio, wali wa nazi hapana. Kisamvu kitupu ndio, kilichoungwa na karanga hapana. Pilau ya mafuta mengi hapana, ya mkono mwepesi inakaa lakini sio kwa miaka. Siagi ya karanga, asali, jemu, halua, hata usipoteze umeme, sukari nyingi nayo ni tatizo lile lile la kunata. Tui unalo kwenye kopo tayari, limeshakaa miaka yake, linunue, liweke pembeni ya mfuko wa kisamvu. Na ugali msiniulize, unga ni mkavu tayari.

Maharage watu wanabishana, kwamba maharage makavu si yanakaa tu mwaka na zaidi bila mashine? Yanakaa. Ila umeme ukikatika na una kajiko ka gesi ka mtungi mdogo, kuchemsha maharage saa mbili ni kuchoma gesi yote. Yaliyoiva tayari yakakaushwa yanapasuka pasuka kidogo, ukiyamwagia maji yaliyochemka yanakuwa tayari kabla wali haujapoa.

Maembe ni matamu kupita kiasi, yanakuwa makavu ya kutafuna, na kuhusu kuhifadhi muda mrefu siwezi kusema chochote kwa sababu hayajawahi kumaliza wiki, watoto wanajua mfuko ulipo.

Nyama nina msimamo. Wapo wanaokausha nyama mbichi na kuandika tu "mbichi" kwenye mfuko. Mimi napika kwanza, ya kusaga nachuja mafuta na kuimwagia maji ya moto mafuta yatoke zaidi, kuku ni kidari bila ngozi. Mana kitu ambacho watu hawaelewi ni kwamba kukausha kwa baridi hakuui vijidudu, kunavilaza. Maabara wanatunza bakteria kwa njia hii hii ili wawe hai baadaye. Hata chanjo ya ndui iliyofika vijijini Afrika ilikuwa imekaushwa hivi, ndo ikavumilia joto bila friji na kufanya kazi ikichanganywa na maji, mpaka mgonjwa wa mwisho wa kuambukizwa ndui kwa njia ya kawaida akapatikana Merca, Somalia mwaka 1977. Sasa kama kirusi cha chanjo kinaamka, salmonela ya kuku wako inashindwa nini?

Kwa hiyo kukauka lazima kuwe kukauka kweli. Mashine inasema imemaliza, usiiamini. Mimi napima trei kwa mizani ya jikoni, narudisha saa mbili zaidi, napima tena, uzito ukishuka bado kuna maji. Vunja kipande kinene katikati ukiweke mdomoni au shavuni, ukihisi ubaridi kina barafu bado. Hii sio kujishaua, chakula chenye unyevu ukikifunga kwenye mfuko usio na oksijeni umetengeneza mazingira ya botulizimu, ile sumu hatari ya bakteria, na hiyo haina harufu ya kukuonya.

Mifuko ni ile minene ya fedha isiyopitisha mwanga, na ndani unaweka kipakti cha kunyonya oksijeni, cc 300 kwa mfuko wa galoni, unachoma mdomo. Vipakti vikishafunguliwa pakiti yake vinaanza kazi hapo hapo, tumia haraka na vilivyobaki vifungie kwenye chupa yenye mfuniko mgumu. Kampuni zinatangaza miaka 25. Kwa wali mweupe na matembele kwenye kabati la ndani lenye ubaridi sawa naweza kukubali, kwa nyama mimi nahesabu michache, na darini au gereji ya Houston usiweke kabisa, joto linaua kila kitu.

Gharama za baadaye zipo. Umeme kwetu naukadiria dola 3 au 4 kwa mzigo. Mifuko na vipakti vinajumlika kimya kimya. Oili ya pampu unaichuja ikianza kuwa na ukungu, kazi ya mafuta mikononi ambayo hakuna anayeitaka, kwenye familia zetu tatu ndo chanzo cha ugomvi mdogo mdogo. Ningekuwa nanunua leo ningeongeza hela nichukue pampu isiyotumia oili.

Kama ni nyumba ya watu wawili mnaonunua mboga Jumamosi zinaisha Alhamisi, achana nayo, chukua kikaushio cha kawaida cha feni cha dola mia, kinakausha mchicha na ndizi vizuri tu. Inalipa ukiwa na bustani inayozidi mdomo, au mnanunua ng'ombe nusu kwa kuchanga, au mko wengi wa kugawana zamu. Na wanaoniuliza kutoka Bongo kama waagize: za huku ni za volti 120 hezi 60, huko ni 230 hezi 50, tafuta iliyotengenezwa kwa umeme wa huko, na jiulize kama mtaani kwenu umeme unakaa saa 30 bila kukatika. Ukikatika katikati mashine inaweza kuendelea ukirudi, ila chakula kikiwa kimeshayeyuka mle ndani mzigo huo ni wa kupika usiku huo huo mle.

Sisi zamu tunapanga kwa wiki, kila nyumba inaleta chakula kimeshagandishwa kwenye trei zake, hiyo inapunguza saa kadhaa na inanipunguzia mimi watu kupiga umbea jikoni kwangu wakisubiri.